Karatasi yenye muhuri wa mtendaji si talaka

Malalamiko ya ndoa yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mwanza yanaongezeka, na mengi yanakuja na karatasi ya aina moja. Ni karatasi ya daftari, imeandikwa kwa mkono: "Mimi fulani nimemwacha mke wangu kwa hiari yangu, ana ruhusa ya kuolewa popote." Chini kuna saini mbili, dole gumba la shahidi na muhuri wa ofisi ya mtendaji. Mama anaitoa kwenye mfuko wa nailoni alimoihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Anaamini ameachika. Kisheria bado ni mke wa mtu, na akiolewa kwingine ndoa hiyo ya pili ni batili hata kama ilisherehekewa kwa turubai na muziki.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, wanandoa walio hai hapa nchini huachanishwa na mahakama. Mtendaji wa kata hana mamlaka hayo. Mwenyekiti wa mtaa hana, mchungaji hana, na wazazi waliokaa kikao wakarudishiana ng'ombe hawana. Hili la ng'ombe tunalirudia kila wiki na bado halijaeleweka. Kurudisha mahari hakuvunji ndoa, na kutomaliza mahari hakuifanyi ndoa iwe batili. Asiwepo anayezuiwa kwenda mahakamani eti kwao hawajapata ng'ombe za kurudisha.

Kwa ndugu zetu Waislamu, talaka inayotolewa kidini ina nafasi yake, ila hairuki ngazi. Baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo tunalieleza hapa chini, likishathibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha, na baada ya hapo talaka ikatolewa kwa taratibu za Kiislamu, mahakama huona kwamba ndoa imevunjika na kutoa hukumu ya talaka. Utaratibu wenyewe ndio huo: baraza kwanza, talaka inafuata, hukumu mwisho.

Njia ambayo watu wengi hawaijui ni kutengana. Si kila ndoa iliyochoka inahitaji talaka. Sheria inatambua makubaliano ya wanandoa kuishi mbalimbali, na mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana. Amri hiyo inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja, ila bado mnabaki mume na mke, na mke anaweza kuomba matunzo. Inamfaa anayetaka usalama na nafasi ya kupumua kabla hajaamua la mwisho, au yule ambaye imani yake haimruhusu talaka. Inamfaa pia aliye kwenye ndoa changa, kwa sababu shauri la talaka halifunguliwi kabla ya miaka miwili ya ndoa isipokuwa kwa kibali cha mahakama, pale mwombaji anapoonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida.

Sasa baraza, maana hapa ndipo mashauri mengi yanapofia. Shauri la talaka haliendi mahakamani bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, yaani Fomu Na. 3. Baraza sahihi ni la kata anayoishi mume, au baraza la jumuiya ya dini yenu lililoanzishwa kisheria iwapo nyote ni wa jumuiya hiyo. Kwa hiyo mama wa Igoma hapa Mwanza ambaye mume wake amehamia kisiwa cha Ukara kuvua aanzie Ukara, si Igoma. Tunajua nauli na siku za safari zinamuumiza, ila hati iliyotolewa na baraza lisilohusika itapingwa. Mbele ya baraza wakili haruhusiwi, na anayetaka kuwakilishwa na mtu asiye wa familia yake aombe ruhusa kwanza.

Soma hati kabla ya kuondoka nayo. Iseme kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha na ieleze lilichokibaini. Barua inayosema tu "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" haitoshi, na barua ya ustawi wa jamii au ya polisi haichukui nafasi yake. Angalia pia tarehe: hati inatumika ndani ya miezi sita tangu itolewe. Ukiikalia mwaka mzima ukingoja mwenzio abadilike, utarudi barazani upya. Mahakama za juu zimefuta mienendo ya mashauri yaliyokwisha kusikilizwa hadi mwisho kwa dosari za hati hii, na mali iliyokwisha gawanywa ikarudi kwenye mgogoro.

Mwenzio akikataa wito kwa makusudi hajakufungia njia. Hiyo ni mojawapo ya hali ambazo sheria inaruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja, na ni muhimu uwe na uthibitisho kwamba aliitwa akakaidi. Nyingine ni mwenza aliyekutelekeza na hujui alipo, aliyefungwa jela miaka mitano au zaidi, mwenye maradhi ya akili yasiyopona, au mazingira ambayo mahakama itayaona si ya kawaida.

Ukishapata hati, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Utaulizwa jambo moja kubwa: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili wa mwili au wa maneno, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa muda kama huo. Yote haya ni ushahidi, na mahakama inayapima. Kuchokana peke yake hakutoshi.

Kuhusu mali, tafadhali tuache kusema "mtumbwi una jina la mume, basi ni wake." Jina kwenye karatasi ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, na hutazama mchango wa fedha, mali na kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Sembuse mama aliyeamka alfajiri kuanika dagaa, akauza kwenye soko la samaki la Kirumba, na fedha ikanunua injini ya mtumbwi? Ila mahakama haigawi kwa huruma. Lete daftari la kikoba, risiti, mashahidi wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanakoshushwa. Waliokaa pamoja miaka miwili na jamii ikawajua kama mume na mke wanaweza kuhesabiwa kuwa wanandoa, nao wana haki ya kuomba mgawo.

Kwa watoto, kinachotangulia ni ustawi wao. Aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Baba anabaki na wajibu wa matunzo popote mtoto alipo.

Hukumu ikitoka, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Omba nakala iliyothibitishwa, ihifadhi, na uhakikishe talaka imesajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kabla hujatangaza ndoa nyingine. Asiye na uwezo wa kulipia wakili aulize kwenye kata yake aliko msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yake hailipiwi.