Mpole darasani, mkali kwenye simu

Muhula huu, malalamiko ya matusi mitandaoni kutoka kwa wanafunzi wa vyuo hapa Malindi yamezidi katika ofisi yetu ya ushauri nasaha. Mzazi akiitwa, jibu ni lile lile: "Mwanangu ni mpole, hawezi." Anaweza. Huyo aliyemtukana mwenzake kwenye kundi la WhatsApp la darasa mara nyingi ndiye anayeamkua wazee kwa adabu zote.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza sababu: mtandaoni huoni uso wa unayemuumiza, hujibiwi papo hapo, na jina unaweza kulificha. Aibu ya barazani haifiki huko. Lakini si kila aliyejificha hutukana. Watukanaji tunaokaa nao kwenye ushauri huwa wepesi wa kuona ubaya penye kimya: ujumbe umesomwa, haukujibiwa, basi nimedharauliwa. Kisha hawaiachi hasira ipoe. Saa nane za usiku bado wanaitazama ile skrinshoti, na kila wakiirudia inawachoma zaidi. Mkopo wa masomo wa HELB umechelewa, mwenye nyumba anadai kodi; aliye karibu ndiye huangukiwa. Kundi likicheka, mtukanaji hujiambia ni utani tu, au kwamba mwenzake amejitakia. Mwanasaikolojia Albert Bandura alizieleza njia hizi za kuituliza dhamiri. Baadhi yao waliwahi kutukanwa wenyewe. Hilo halifuti kosa.

Aliyetukanwa asifute kitu. Hifadhi ujumbe pamoja na tarehe, namba na jina la akaunti, piga ripoti polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Karatasi uliyochapisha kwa saiba haitoshi kortini: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kiliweka faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria hii imepingwa kortini zaidi ya mara moja, kwa hivyo muulizeni wakili hali yake ya sasa. Na tafadhali, akaunti bandia si kinga. Tumelisema hili mara nyingi mno. Korti inaweza kuamuru kampuni ya mawasiliano itoe taarifa za mteja.

Aliyetukana naye aje. Mazungumzo ya ushauri nasaha ni siri, isipokuwa pale mtu anapotishia kujidhuru au kumdhuru mwingine.