Je, wajua kwa nini chama kisichotafuta faida kinaruhusiwa kubaki na pesa?

Jibu fupi: sheria haikatazi pesa kubaki, inakataza kugawana. Nilichelewa sana kuiona tofauti hiyo, na wengi ninaoongea nao hapa Lubumbashi hawajaiona bado.

Kila mwaka wapenzi wa mchezo wa dama tunakutana siku nzima katika ukumbi wa kukodi, Katuba. Wanakuja watu wa mitaa mingine ya mji, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Kampemba, na wengine wanafika kwa basi kutoka Likasi na Kipushi. Kete zetu ni vifuniko vya soda: upande mmoja wanavilaza uso juu, upande wa pili uso chini. Hakuna anayelipwa. Anayefagia ukumbi alfajiri ndiye anayeandika matokeo mchana, na jioni ndiye anayebeba viti.

Miaka michache iliyopita, mkutano ulipokwisha, nilimkuta mweka hazina wetu, tunayemwita Yaya, yaani dada mkubwa, amekaa pembeni na daftari la shule, anahesabu noti. Zilikuwa zimebaki franka 71,000. Nikamwambia:

"Yaya, kama tuko chama bila faida, hizi feza zinabakia za nini? Tugawanye, kila mutu aende na yake."

Hakuinua macho kwenye daftari. "Mudogo wangu, hii haiko likelemba."

Nilikasirika, nikaenda nyumbani nikiamini kwamba kuna kitu kinafichwa. Nimeona watu wengi wenye nia njema wakikosea palepale nilipokosea mimi, na chanzo cha kosa ni likelemba yenyewe, yaani upatu.

Katika likelemba watu kumi wanatoa franka 20,000 kila mmoja kwa mwezi, na mmoja anabeba 200,000 zote. Mwezi unaofuata zamu ni ya mwingine. Uzuri wa likelemba ni kwamba kasha linakuwa tupu kila mara. Pesa ikibaki, maana yake kuna mtu hakupewa haki yake yote. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na mama wa likelemba, kama mimi, anajifunza mapema kwamba sifuri ni dalili ya uaminifu na mabaki ni dalili ya wizi. Kwa likelemba hilo ni kweli kabisa. Ila sanduku la chama cha wapenzi wa mchezo ni kitu kingine: halina zamu, wala hakuna atakayelibeba siku moja. Ukilipima kwa kipimo cha likelemba, kila mweka hazina mwangalifu ataonekana mwizi, na yule aliyemaliza pesa zote kwa bia ataonekana msafi.

Jina lenyewe linachangia kosa. Tunaita ASBL, yaani chama kisicho na lengo la faida, na masikio yetu yanasikia "chama kisicho na pesa". Neno linalobeba uzito pale ni lengo. Sheria ya Kongo namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inakieleza chama cha aina hiyo kwa mambo mawili: hakifanyi shughuli za viwanda au biashara isipokuwa kama jambo la pembeni, na hakitafuti kuwapatia wanachama wake manufaa ya mali. Maneno hayo yanafanana sana na yale ya sheria ya Ubelgiji ya tarehe 27 Juni 1921. Soma tena uone lisilokuwemo. Hapaandikwi kwamba mwisho wa mwaka sanduku lazima liwe tupu. Kinachoangaliwa ni pesa inaelekea wapi. Ikirudi kwenye kazi ya chama, sawa. Ikiingia mifukoni mwa wanachama kwa sababu tu wao ni wanachama, hapo jina la ASBL limekufa. Mimi niliyetaka tugawane ili tuwe safi ndiye niliyekuwa naomba jambo lenyewe lililokatazwa.

Lakini kwa nini pesa ibaki? Si tungepanga kiingilio kilingane na gharama?

Fikiria shamba la mahindi. Mtu anayelima kwa ajili ya bukari ya nyumbani hatafuti utajiri, lakini akisaga mpaka punje ya mwisho, mvua ya Novemba itamkuta mikono mitupu. Kuna mfuko mmoja wa mbegu unaoning'inia juu ya moshi wa jikoni, na hata siku ya njaa watoto wanajua haufunguliwi. Ule si faida. Ni sehemu ya mavuno ya mwaka huu ambayo tayari ni ya shamba la mwaka ujao. Shida ya mkutano wetu inafanana na ya mkulima: gharama zinatangulia na mapato yanafuata. Mwenye ukumbi anataka chake kabla mchezaji wa kwanza hajapita mlangoni, na mwenye viti vilevile.

Daftari la Yaya lilionyesha hivi. Wachezaji 64 walilipa franka 5,000 kila mmoja, yaani 320,000. Soda tulizonunua na kuuza ziliacha 36,000. Mwenye duka la simu alitoa 50,000 ili kitambaa chake cha matangazo kitundikwe ukutani. Jumla 406,000. Upande wa pili: ukumbi 150,000, viti 64,000, mbao za kuchezea na zawadi 75,000, mafuta ya jenereta 46,000. Jumla 335,000. Ndiyo maana zilibaki 71,000.

Sasa chukua mkutano huohuo, lakini mvua inyeshe asubuhi na waje watu 48 tu. Viingilio vinashuka hadi 240,000. Soda, zikiuzwa kwa kiasi kilekile kwa kila mtu, zinaacha 27,000. Kitambaa bado ni 50,000. Tunapata 317,000, na ukumbi haupunguzi bei kwa sababu ya mvua, wala jenereta hainywi kidogo kwa sababu viti 16 viko wazi. Gharama ni 335,000 zilezile. Tuna deni la 18,000. Watu 16 tu, na akiba ya kutosha imegeuka deni. Hakuna aliyeiba hapo. Ni hesabu ya mahali ambapo karibu gharama zote zimeshafungwa kabla mlango haujafunguliwa. Anayepanga kiingilio kilingane sawasawa na gharama anapanga deni kwa kila mwaka mbaya, na deni hilo litalipwa na mtu mmoja mwenye aibu, kutoka pesa ya chakula cha watoto wake.

Mambo haya yamewapata watu wenye mikutano mikubwa kuliko yetu. Mkutano wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi, Worldcon, ulianza New York mwaka 1939, na kila mwaka unaandaliwa na kamati nyingine ya watu wa kujitolea, katika mji mwingine. Ule wa Baltimore mwaka 1983 uliishia kwenye deni. Wa mwaka uliofuata, huko Anaheim, ulibaki na ziada kubwa. Ni mkutano uleule na wapenzi walewale, umepita mwaka mmoja tu. Katiba ya chama chao inasema ziada itumike kwa manufaa ya chama kizima, na mwanachama ana haki ya kukagua vitabu vya hesabu. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: kamati iliyobaki na ziada inatakiwa kuendelea kutoa ripoti ya fedha kila mwaka mpaka ziada yote iishe. Mkutano umekwisha, wageni wamerudi kwao, na bado karatasi ya hesabu inaendelea kusomwa mbele ya watu. Wana pia desturi ya hiari ambayo kamati inapitisha angalau nusu ya ziada yake kwa mikutano mitatu inayofuata, kwa sharti kwamba nayo itafanya vivyo hivyo. Ni mfuko wa mbegu unaohama shamba.

Kosa la pili linalozaliwa na lile la kwanza ni kudhani kwamba ukubwa ndio biashara. Mkutano wa wapenzi wa katuni wa San Diego ulianza mwaka 1970 kwa watu mia chache, na sasa unapokea watu zaidi ya 130,000. Studio kubwa za filamu zinajipanga pale kuonyesha kazi zao. Ukiutazama kwa macho, utasema hiyo ni kampuni. Kisheria ni shirika lisilo la faida. Ule wa New York ulioanza mwaka 2006 unafanana nao kwa sura, na huo unaendeshwa na kampuni ya kibiashara, kwa uwazi na kwa halali. Macho hayawezi kuitenganisha. Kuuza vitu ndani nako hakutoshi kuwa kipimo. Huko Tokyo, Comiket, mkutano mwingine wa wapenzi wa katuni, ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vilivyokuja kuuza vijitabu walivyovichora wenyewe. Kuuza na kununua ndiyo kazi ya siku nzima, lakini waandaaji wanashikilia kwamba pale hakuna wateja: muuzaji, mnunuzi na anayepanga foleni wote ni washiriki.

Basi nani anadhurika pesa isipoonyeshwa? Nilidhani ni aliyelipa kiingilio. Yeye anapoteza kidogo: alilipa 5,000, akacheza siku nzima, amepata alichokuja kutafuta.

Mwaka 1980 mwanasheria wa Marekani Henry Hansmann aliandika katika Yale Law Journal maelezo yaliyobadilisha namna watu wanavyovitazama vyama hivi. Kuna mambo, alisema, ambayo anayetoa pesa hawezi kukagua alichonunua. Chukua mtu wa hapa anayetuma pesa ili mzee fulani kijijini, asiyemfahamu, apewe unga. Hatamwona mzee, hataona unga. Kama anayepokea pesa ana ruhusa ya kubeba kinachobaki, kila kikombe cha unga anachopunguza ni chake. Kama hana ruhusa hiyo, kishawishi kinapungua sana, na mtoaji anapata sababu ya kuamini. Marufuku ya kugawana ndiyo kufuli lenyewe.

Sasa rudi ukumbini umwangalie kijana aliyebeba viti. Yeye ametoa kuliko sisi sote: siku yake nzima, mgongo wake, nauli yake, na hakuandikiwa risiti. Kazi yake ilikuwa zawadi kwa mchezo. Zile 71,000 zikiingia mfuko wa mwandaaji, zawadi hiyo inageuka kazi ya bure kwa mtu mmoja, bila kijana kuulizwa. Hapo ndipo biashara inapouma, na ndiyo maana hesabu inapaswa kuonyeshwa kwanza kwake, kabla ya aliyenunua soda.

Nisikusifie kufuli kupita kiasi. Marufuku ya kugawana inalinda mlango wa mbele, na pesa inajua kupita dirishani kwa jina la matumizi. Viti vinaweza kukodishwa kutoka kwa shemeji wa rais wa chama kwa bei mara mbili, na kwenye karatasi vitaonekana ni viti tu. Kumlipa fundi wa muziki au mlinzi bei ya kawaida ni gharama halali. Tatizo linaanza pale bei na jina la aliyelipwa visipoandikwa. Kwa hiyo ASBL kwenye muhuri haitoshi, na jumla moja ya mwisho nayo haitoshi. Inatakiwa mistari. Ukitaka kujua kama soda ni jambo la pembeni, mistari ndiyo itakuambia: kwetu ilileta 36,000 kati ya 406,000. Siku itakapoleta 300,000, na mechi zikaanza kucheleweshwa ili watu wapate kiu, tutakuwa tunaendesha baa yenye mbao za dama.

Mwaka uliofuata Yaya alibandika karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Mstari wa kwanza ulisema: "Akiba ya mwaka jana: franka 71,000. Zimelipa sehemu ya kwanza ya ukumbi." Chini yake ikafuata mistari mingine, mpaka viti. Kijana mmoja wa Ruashi, kifuniko cha soda bado mkononi, alisimama pale akipitisha kidole kwenye tarakimu, midomo ikicheza.

"Mama, hapa mumekosea. Inapita 4,000."

Yaya akaja, akavaa miwani, akahesabu mara mbili. Akakata namba kwa mstari mmoja, akaacha ya zamani isomeke, akaandika mpya pembeni na kutia sahihi. Kisha akampa kijana kalamu naye atie yake.