Paolo Maldini: Misimu 25 katika Ngome ya AC Milan

Kazi yangu ni kufundisha mabeki, na katika kazi hiyo hakuna jina ninalolitaja mara nyingi kuliko la Paolo Maldini. Nalitaja kwa mapenzi, wala sifichi, kwa maana ndiye mchezaji aliyenifanya niutazame mpira kuanzia nyuma. Lakini nalitaja pia kwa sababu za kitaalamu, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa. Maldini aliichezea AC Milan, klabu yake pekee katika maisha yake yote ya uchezaji, mechi 902 za mashindano katika misimu 25, kuanzia Januari 1985 hadi Mei 2009. Takwimu hiyo hutajwa kila anapozungumzwa, na wengi huishia hapo, wakiamini kwamba siri yake ilikuwa mwili usiochoka na moyo wa uaminifu. Mwili alikuwa nao na uaminifu alikuwa nao, lakini naamini kilichomdumisha zaidi ni namna alivyokaba. Beki anayetegemea mbio na nguvu huanza kushuka anapoingia miaka ya 30, ilhali anayetegemea kusoma mchezo na kuchagua mahali pa kusimama huzidi kuwa mgumu kupitika kadiri anavyokomaa, mradi awe tayari kufundishwa upya kila anapokuja mwalimu mpya.

Alizaliwa Milan tarehe 26 Juni 1968. Baba yake, Cesare Maldini, ndiye nahodha aliyeinua Kombe la Ulaya la kwanza katika historia ya klabu hiyo, mwaka 1963 katika uwanja wa Wembley, Milan ilipoifunga Benfica 2-1. Kijana anayeingia kikosini akiwa na jina kama hilo mgongoni hapewi nafasi ya kukosea kimya kimya. Tarehe 20 Januari 1985 mwalimu Nils Liedholm alimwingiza baada ya mapumziko katika mechi ya ugenini dhidi ya Udinese, badala ya Sergio Battistini, akiwa na umri wa miaka 16. Hiyo ndiyo mechi yake pekee ya ligi katika msimu huo. Msimu uliofuata alikuwa tayari mchezaji wa kikosi cha kwanza, na hakuna aliyeweza kumwondoa tena.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalikumbuki ni kwamba Maldini alikuwa mtu wa mguu wa kulia. Upande wa kulia ulikuwa na mwenyewe, Mauro Tassotti, hivyo kijana akapelekwa kushoto. Kwa beki, kucheza upande usio wa mguu wake kuna faida moja na mzigo mmoja. Faida ni kwamba winga anapokata kuingia ndani, mguu wenye nguvu wa beki ndio unaomngojea. Mzigo ni kwamba kazi yote ya kandokando ya mstari, yaani kuondosha mpira ukiwa umebanwa, kupiga pasi ndefu kufuata mstari, na kumimina krosi ukiwa kasi, inabidi ifanywe na mguu dhaifu. Maldini aliufanyia mazoezi mguu wa kushoto hadi watu wakamdhania kuwa ni mtu wa kushoto kwa asili, na ndiyo maana winga aliyekutana naye hakuwa na upande wa kukimbilia.

Tukio moja linalojirudia katika mikanda ya mechi zake linafaa kutazamwa kwa utulivu. Winga anapigiwa pasi karibu na mstari wa pembeni. Maldini anaondoka wakati mpira ungali njiani, anakimbia kwa kasi yake yote, kisha anapobakiza kama mita mbili anafupisha hatua, anakunja magoti, anageuza mwili upande, mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine. Hasimami akimkabili winga kifua kwa kifua, kwa sababu beki aliyesimama hivyo anaweza kupitwa kushoto na kulia, na hata mpira ukapita katikati ya miguu yake. Anafunga njia ya ndani na kuiacha wazi ile ya nje, inayoelekea kwenye mstari ambako winga hana pengine pa kwenda. Macho yapo kwenye mpira. Winga anatikisa mabega, anapitisha mguu juu ya mpira, naye hajibu lolote. Kisha inakuja ile gusa moja ambayo kila mchezaji anayekimbia na mpira lazima aifanye, ile inayousukuma mpira mbele kupita kiasi kidogo tu, na hapo ndipo Maldini anapoingiza mwili wake kati ya mtu na mpira na kuondoka nao.

Husemwa mara nyingi kwamba hakuwa akiteleza chini kunyang'anya mpira. Si kweli. Alikuwa miongoni mwa mabeki bora kabisa duniani katika kuteleza, na mara nyingi aliinuka akiwa na mpira mguuni. Tofauti ni kwamba aliiweka silaha hiyo kuwa ya mwisho. Vijana ninaowafundisha hupenda kuanza nayo, kwa sababu ndiyo inayoshangiliwa na majukwaa, nami hulazimika kuwarudisha kwenye zile mita mbili za kufupisha hatua.

Ufundi huo wa mtu mmoja ulipata nyumba yake mwaka 1987, Arrigo Sacchi alipokabidhiwa timu. Mpira wa Italia wakati huo ulikuwa ukikaba mtu kwa mtu, na nyuma ya mabeki akabaki mmoja wa kufagia mipira iliyowapita wenzake. Sacchi akaleta kukaba kwa eneo, yaani kila mtu analinda sehemu yake ya uwanja badala ya kumfuata mpinzani mmoja, mabeki wanne katika mstari mmoja, timu nzima ikibanwa ndani ya kama mita 25 kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele, na mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao, ukiongozwa na beki wa kati na nahodha Franco Baresi. Sacchi mwenyewe amesimulia jinsi alivyowathibitishia wachezaji wake kwamba mpangilio unashinda vipaji: aliweka kipa Giovanni Galli na mabeki Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini dhidi ya washambulizi 10, wakiwemo Ruud Gullit na Marco van Basten, na hao 10 hawakupata bao. Katika mfumo kama huo, beki wa kushoto akichelewa hatua moja kupanda, mtego wote unavunjika. Akipanda hatua moja mapema, nyuma yake panabaki uwazi. Maldini alijifunza hesabu hiyo akiwa na miaka 19, pembeni ya Baresi, na sidhani kama kuna chuo bora zaidi cha beki kilichowahi kuwapo. Ulikuja ubingwa wa Italia wa mwaka 1988, kisha Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990.

Fabio Capello alipochukua nafasi ya Sacchi mwaka 1991, ngome ile ilikuwa imekomaa. Msimu wa 1991-92 Milan ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, na mlolongo wake wa kutopoteza ukafika mechi 58 za ligi kabla ya kukatika mwaka 1993. Msimu wa 1993-94 ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 34.

Nikiombwa kuonyesha ufundi wa Maldini kwa mechi mbili tu, huchagua fainali mbili za Kombe la Ulaya zilizochezwa katika uwanja mmoja, Uwanja wa Olimpiki wa Athens, zikiwa zimepishana kwa miaka 13.

Ya kwanza ni ya tarehe 18 Mei 1994, dhidi ya Barcelona ya Johan Cruyff, yenye Romário na Hristo Stoichkov mbele. Baresi na Costacurta walikuwa wamefungiwa, yaani mabeki wote wawili wa kati hawapo, na wengi waliamini kwamba Milan ingeraruliwa. Capello akamhamisha Maldini katikati, akacheza na Filippo Galli, naye Christian Panucci akashika upande wa kushoto. Kinachonivutia katika mechi ile ni jinsi mabeki wale walivyokataa kurudi nyuma kwa woga. Walipanda juu, viungo wakiongozwa na Marcel Desailly wakawabana wapiga pasi wa Barcelona, na Romário akawa anapokea mipira akiwa amelipa mgongo lango, tayari kuna mtu nyuma yake. Daniele Massaro alifunga mawili, Dejan Savićević akafunga lile bao maarufu la kumpitishia kipa mpira juu ya kichwa, Desailly akamalizia, na Milan ikashinda 4-0. Mwaka huo Maldini alishika nafasi ya tatu katika Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, jambo adimu kwa beki.

Ya pili ni ya tarehe 23 Mei 2007, dhidi ya Liverpool. Sasa ana miaka 38, anakaribia 39, magoti yanamsumbua, na yuko katikati tena, safari hii na Alessandro Nesta. Ukizitazama mechi hizi mbili kwa kufuatana unaona kilichoondoka na kilichobaki. Mbio zimepungua, kwa hiyo anaanza safari mapema zaidi na anasimama hatua chache karibu zaidi na lango lake. Mkono unaonyesha bila kukoma: sogea, panda, mwache huyo. Ule mwili uliogeuzwa upande, na ile subira ya kungoja gusa mbaya, vipo vilevile. Filippo Inzaghi alifunga mara mbili, Milan ikashinda 2-1, na nahodha akainua kombe lake la tano la Ulaya.

Kati ya fainali hizo mbili alibadilishwa kazi zaidi ya mara moja, na hakuna rekodi ya yeye kususa. Alipewa kitambaa cha unahodha baada ya Baresi kustaafu mwaka 1997. Alberto Zaccheroni alipoleta mfumo wa mabeki watatu, Maldini akacheza upande wa kushoto wa watatu hao, na Milan ikawa bingwa mwaka 1999. Kisha akaja Carlo Ancelotti, aliyekuwa mchezaji mwenzake katika timu ya Sacchi, akamfanya beki wa kati kwa muda mwingi zaidi. Tarehe 28 Mei 2003, katika fainali ya Kombe la Ulaya kule Old Trafford, Milan na Juventus zilitoka 0-0 na Milan ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Maldini, aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo, akalinyanyua kombe katika ardhi ya Uingereza miaka 40 baada ya baba yake.

Alishindwa pia, na sioni sababu ya kuyaruka hayo. Katika fainali nane za Ulaya alizocheza alipoteza tatu, ikiwemo ile ya Istanbul mwaka 2005, ambapo yeye mwenyewe alifunga kabla dakika ya kwanza haijatimia, Milan ikaongoza 3-0, Liverpool ikarudisha yote ndani ya dakika sita na kushinda kwa penalti. Kwa timu ya taifa alicheza mechi 126 na Kombe la Dunia mara nne bila kutwaa taji lolote, akiwa amekosa lile la mwaka 1994 kwa penalti dhidi ya Brazili. Nesta, Cannavaro na wenzao walilitwaa mwaka 2006, yeye akiwa amekwisha kustaafu timu ya taifa. Huwa naumia nikikumbuka hilo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni mechi yake ya mwisho nyumbani, tarehe 24 Mei 2009 dhidi ya Roma. Alipokuwa akizunguka San Siro kuaga, sehemu ya mashabiki wa Curva Sud, jukwaa la mashabiki sugu wa Milan, walimzomea na kumtukuza Baresi kuwa nahodha pekee. Maldini hakuwahi kujipendekeza kwa vikundi vya mashabiki, na alipoona wamekosea aliwaambia. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake. Wiki moja baadaye akatundika daluga Florence, Milan ikishinda 2-0, na watu wa Fiorentina, wapinzani, wakamsimamia na kumpigia makofi.

Rekodi yake ya mechi 647 za Serie A, ligi kuu ya Italia, ilidumu hadi Julai 2020, ilipovunjwa na Gianluigi Buffon, aliyekuwa kipa. Nafikiri tofauti hiyo ya nafasi inastahili kuzingatiwa, kwa kuwa kipa hatakiwi kupanda na kushuka mstari mzima dakika 90. Maldini alirudi klabuni kama kiongozi mwaka 2018, na akiwa mkurugenzi wa ufundi Milan ilitwaa ubingwa wa 2021-22, wa kwanza katika miaka 11, kabla ya kuondoka Juni 2023. Katika kikosi hicho cha ubingwa alikuwemo mwanawe Daniel, aliyefunga kwa kichwa dhidi ya Spezia alipoanzishwa kwa mara ya kwanza katika ligi, Septemba 2021. Cesare, Paolo na Daniel, wote watatu wametwaa ubingwa wa Italia wakiwa wachezaji wa Milan.

Klabu iliamua kwamba jezi yake namba 3 isivaliwe na mtu mwingine isipokuwa mtoto wake. Daniel, ambaye ni mshambuliaji, alivaa namba 27. Nadhani alifanya vyema, kwa sababu namba 3 ya Milan ni ya beki, na mtu atakayeivaa siku moja itabidi ajue kusimama mita mbili kutoka kwa winga na kungoja.