Hataza za wayalesi: ukungu kwenye madai haumlindi mtu

Sabasaba ikikaribia, au MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, ikitangazwa, vijana wa vyuo vya DIT, wa CoICT pale Kijitonyama na mafundi wa Kariakoo wanaojitengenezea vidude vyao wanaanza kuulizana habari za hataza, yaani patent, na majibu wanayopeana mengi ni ya kijiweni tu. Leo niyaweke sawa yale yanayonikera zaidi, hasa upande wa mawasiliano yasiyo na waya, maana huko ndo watu wanapigwa vibaya.

Kubwa kuliko yote ni hii: "Usiandike wazi bana, acha ukungu kidogo, kesho mtu akitokea na kitu kinachofanana unasema hata hiki ni changu."

Inaonekana ni ujanja lakini ni kinyume chake kabisa. Kwenye hataza kinachokulinda ni sehemu inaitwa madai, zile sentensi zenye namba kule mwishoni, maelezo na michoro vipo kusaidia kueleza ila mpaka wenyewe ni madai. Mkataba wa Hataza wa Ulaya kifungu cha 84 unataka madai yawe wazi, yasiwe na maneno ya ziada na yaungwe mkono na maelezo, PCT, ule mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, kifungu cha 6 kinasema karibu hivyohivyo, na Marekani wana kifungu chao cha 112. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Nautilus na Biosig ikakaza zaidi, ikasema madai yasipompa mtaalamu wa fani uhakika wa kuridhisha kuhusu kinachodaiwa basi ni batili. Kabla ya hapo mahakama ya chini yake ilikuwa mpole kidogo, kama maneno yanaweza kutafsirika kwa namna yoyote ile unapona. Sasa huponi. Ni kama yale makaratasi ya kuuziana viwanja kule Chanika, "kuanzia mwembe hadi kwa Mzee Fulani", siku mwembe ukikatwa mnaanza kutoleana mapanga.

Tuangalie mfano, manake bila mfano hili somo halieleweki. Kijana anaandika dai lake hivi: "Kifaa cha mawasiliano kinachohamia haraka kwenye mnara wenye netiweki nzuri." Yeye anaona kamaliza, tena kajilinda kwa upana wote. Mkaguzi wa ofisi ya hataza akilisoma ana maswali hapohapo. Haraka kuliko nini? Nzuri kwa kipimo gani? Na "nguvu ya netiweki" yenyewe inapimwaje, manake kwenye 4G kuna RSRP, ambayo ni wastani wa nguvu ya zile ishara rejea za mnara peke yake, na kuna RSSI ambayo inabeba kila kitu kilichoingia kwenye kipokezi, makelele na minara ya jirani ikiwemo. Simu hiyohiyo ikiwa imesimama palepale Ubungo inaweza kuwa "nzuri" kwa kipimo kimoja na hovyo kwa kingine. Hapo anarudishiwa barua.

Anaandika upya: kifaa chenye kipokezi na kichakataji, ambacho kinapima RSRP ya mnara wa kwanza ambako kimeunganishwa, na RSRP ya mnara wa pili, na kinapeleka ripoti ya kuhama pale ambapo ya pili inazidi ya kwanza kwa kiasi kilichopangwa, mfululizo, kwa muda uliopangwa. Safi, kila neno lina kipimo chake, mtu yeyote wa fani anajua yuko ndani ya dai au yuko nje.

Ila sasa ndo linaibuka jipya, na hili ndo ninalotaka watu walione. Dai likishakuwa wazi hivyo mkaguzi anakwambia kitu hiki kipo, kwenye viwango vya LTE, yaani hiyohiyo 4G, vya 3GPP, wale wanaoandika viwango vya mitandao ya simu, tangu toleo la Release 8 la mwaka 2008 kina jina kabisa, kinaitwa tukio A3, na ule muda wa kusubiri unapangwa kuanzia sifuri hadi milisekunde 5120. Kijana analia kwamba angeacha ukungu angepita. Hapana aisee. Kule Marekani mkaguzi anatakiwa ayasome madai yako kwa maana pana kadiri inavyokubalika kutokana na maelezo yako, kwa hiyo ukungu wako anautafsiri kwa upana wake wote na anakuta vitu vya zamani vingi zaidi, si vichache. Na hata ukibahatika ukapita, unakuwa na cheti ambacho wakili wa upande wa pili atakichana asubuhi moja tu. Afadhali ujue mapema kwamba kinachobaki kuwa chako ni ile njia yako ya kubadilisha ule muda kulingana na kasi ya bodaboda, kama kweli unayo, halafu udai hiyo.

Kinachofuata kinatoka kwa waliosoma kidogo: "kama dai lazima liwe wazi basi lazima liwe jembamba." Uongo. Upana ni kitu kimoja na ukungu ni kingine, hata mwongozo wa wakaguzi wa Marekani umeandika kabisa kwamba upana peke yake haulifanyi dai likose uwazi. "Antena yenye angalau vipengele viwili" ni pana balaa, inashika mpaka yenye vipengele mia, na iko wazi kama mchana. "Antena ndogo ya kisasa" ni nyembamba na haieleweki. Dai pana linaweza kufa kwa sababu limegusa kitu cha zamani, hiyo ni kesi nyingine.

Halafu kuna wale wanaodhani kila neno la kulinganisha limepigwa marufuku. Mwongozo wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya unakataa maneno kama "nyembamba", "pana" na "yenye nguvu" yakisimama peke yake, lakini unakubali pale neno lina maana inayojulikana kwenye fani, na mfano wanaoutoa wenyewe ni wa watu wa redio: "masafa ya juu" ukiwa unazungumzia amplifaya. Kwa hiyo usikimbilie kufuta, uliza kwanza kama mainjinia wote wanalielewa kwa namna moja.

"Si niandike tu Bluetooth au Wi-Fi, kila mtu anajua." Kila mtu anajua, ndio, ila hizo ni alama za biashara, na Bluetooth ya leo siyo ya miaka kumi iliyopita, toleo linabadilika na jina linabaki lilelile. Mkaguzi wa Ulaya atakusumbua hapo. Eleza kinachofanyika, masafa gani, kubadilishana ujumbe gani, au taja kiwango pamoja na toleo lake. Maelezo ya ndani unaweza kutaja jina kwa mfano, haina shida.

Sasa kuna kosa ambalo si la kijiweni peke yake, hata watu wazima wanalifanya, la kuamini kwamba dai bora ni lile linaloeleza mfumo wote kuanzia simu, mnara, hadi seva. Linapendeza kusoma, lakini jiulize nani atalivunja. Anayeuza simu hana mnara, mwenye mnara hatengenezi simu, seva iko nchi nyingine, kila mmoja anafanya kipande chake na wewe unabaki unamtafuta wa kumshtaki. Kesi ya NTP, wenye hataza, na RIM, watu wa simu za BlackBerry, inaonyesha hii kitu vizuri. Mtambo wa RIM wa kupitishia barua pepe ulikuwa Canada, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema madai ya mfumo yanaweza kuvunjwa kwa sababu wanaoutumia na kufaidika nao wako Marekani, lakini madai ya njia, yale ya hatua kwa hatua, hayakuvunjwa kwa sababu hatua mojawapo ilifanyika nje. Hataza zilezile, uvumbuzi uleule, tofauti ni dai limeandikwaje. RIM walikuja kulipa dola milioni 612.5 mwaka 2006 kumaliza ugomvi, sasa piga hesabu kama kusingekuwa na yale madai ya mfumo.

Ndo maana wenye uzoefu wanaandika dai la simu peke yake, la mnara peke yake, na la njia inayofanyika ndani ya simu peke yake. Ulaya kwa kawaida wanataka dai huru, yaani linalosimama lenyewe bila kuegemea lingine, moja kwa kila aina, ila wameruhusu vitu vinavyotegemeana, na mfano wao ni kirushaji na kipokezi, yaani kama wametufikiria sisi. Angalia tu mfuko, kuanzia dai la 16 Ulaya unalipa ada ya ziada, Marekani ni ukipita madai 20 kwa jumla au 3 yaliyo huru.

"Nimekataliwa, basi imeisha." Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida kabisa. Marekani wana barua inaitwa ukataaji wa mwisho na hata hiyo sio mwisho, unalipa ada wanaendelea kukagua au unakata rufaa. Kinachoua maombi ni kitu kingine: kwenye kujibu huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwepo siku ya kwanza ulipowasilisha. Yule kijana wetu kama hakuandika RSRP popote kwenye maelezo yake, hawezi kuichomeka leo kirahisi ili "netiweki nzuri" ipate maana, atakwama katikati, dai haliko wazi na dawa yake hairuhusiwi. Kwa hiyo mwagika kwenye maelezo. Andika vipimo, andika namna ya kupima, andika na njia mbadala tatu nne hata kama wewe unaona ni za kijinga, hakuna atakayekucheka.

Suala la Sabasaba lenyewe. Watu wanaamini kuonyesha kifaa bandani pale Kilwa Road ni ushahidi kwamba wewe ndo wa kwanza. Kumbe ukishaonyesha hadharani na mtu akaelewa kinavyofanya kazi, upya wake unaweza kuwa umeondoka. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu ulipojitangaza mwenyewe, Ulaya ni wakali, msamaha wao wa maonyesho ni miezi sita na unahusu maonyesho rasmi machache sana ya kimataifa yenye mkataba wake wa 1928. Nenda BRELA kwanza ukawasilishe ombi, banda baadaye. Na video ya TikTok ni banda pia.

"Nimechukua hataza ya dunia." Haipo. PCT ni maombi, WIPO, shirika la dunia la haki miliki linaloyapokea, hawatoi hataza, una miezi 12 tangu ombi la kwanza kudai kipaumbele, yaani uhesabiwe tarehe ile ya kwanza, na kwa PCT kawaida ni miezi 30 kabla hujaingia nchi mojamoja, huko ndo kila ofisi inakagua kivyake. Sisi pia tuna ARIPO, shirika la haki miliki la nchi kadhaa za Afrika, makao makuu Harare, ombi moja linakaguliwa pale kisha nchi ulizozitaja zina miezi sita kusema kama hazilitaki.

Za WhatsApp nazipitia haraka. Eti Hedy Lamarr alivumbua Wi-Fi: yeye na George Antheil walipewa hataza ya Marekani namba 2,292,387 tarehe 11 Agosti 1942, na ukisoma madai yake unakuta vitepe vyenye alama ndani ya kirushaji na kipokezi vinavyohamisha masafa kwa pamoja ili torpido isivurugwe na adui. Kazi ya maana sana, na Bluetooth inarukaruka masafa kwa wazo la aina hiyo, lakini Wi-Fi tunayoitumia haikujengwa juu ya hilo. Eti mahakama ya Marekani ilimpa Nikola Tesla uvumbuzi wa redio mwaka 1943: mahakama ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza moja ya Marconi kuhusu kuoanisha masafa kwa sababu wavumbuzi wengine, Lodge, Tesla na Stone, walishafanya mambo hayo kabla, na hataza ya kwanza kabisa ya Marconi haikuguswa. Soma madai, sio vichwa vya habari.

Na ya mwisho, inayowagharimu watu hela taslimu: "nina hataza kwa hiyo naruhusiwa kuuza." Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine, haikupi ruhusa ya kufanya. Kifaa chako kinaweza kuwa ndani ya dai la mtu mwingine la zamani na pana zaidi, na hapo unahitaji leseni yake. Na kama kinarusha mawimbi, hata uwe na hataza za nchi kumi, bado kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pale Mawasiliano Towers, Sam Nujoma, kifaa kiidhinishwe na masafa unayotumia yawe yale yanayoruhusiwa kwa kazi hiyo. BRELA hawatakuuliza kuhusu masafa na TCRA hawatakuuliza kuhusu madai, ofisi mbili, foleni mbili, na ada mbili.