Ua la pembesita halitariziwi, linaungwa

Juzi nimelisikia tena neno kutarizi likitumika pasipo pake. Mtu kaonyesha zawadi aliyoshonewa, fremu ndogo ya duara yenye ua la vipande vya kitambaa vya pembesita, na kila aliyeitazama akamsifu mshonaji kwa kujua kutarizi. Sifa ilitoka moyoni, na zawadi ilistahili. Ila kazi iliyosifiwa siyo iliyofanyika. Mara zote huwa nanyamaza, lakini leo naomba nilieleze.

Kuunga pembesita ni kushona kwa mkono vipande vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimekunjiwa juu ya karatasi yenye pande sita sawa, ukingo kwa ukingo, mpaka viwe kitambaa kimoja. Karatasi hutolewa baadaye. Umbo ni lile la sega la nyuki: kila pembe ina digrii 120, tatu zikikutana zinatimia 360 na hapabaki mwanya. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kutarizi ni kazi nyingine kabisa. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, tarraza, yaani kupamba nguo kwa nakshi, na nyuma yake kuna Kiajemi. Ndugu yake ni tiraz, ile mikanda ya maandishi iliyofumwa au kushonwa kwenye mavazi ya heshima zama za Bani Abbas na za Fatimiya, jina la khalifa likisomeka kwenye mkono wa nguo ya aliyetunukiwa. Hata karakana zilizotengeneza mavazi hayo ziliitwa tiraz. Neno hilo tangu huko limebeba pambo, kitu kinachoongezwa ili kionekane. Anayetarizi leo anaanza na kitambaa kizima, kisha uzi unapita juu yake kuchora jani, ndege au jina la mtoto. Ukifumua uzi wote, kitambaa bado kipo, labda na vitundu vya sindano. (Wanaosema kudarizi wakiwa na maana hiyo hiyo, sina ugomvi nao.)

Sasa fumua uzi wa ua la pembesita. Hakuna kitambaa kinachobaki. Unabaki na konzi ya vipande mkononi. Uzi wa kutarizi huwekwa uonekane, uzi wa kuunga hufichwa, na mshonaji mzuri hujulikana kwa kuuficha.

Wengine hukwepa kosa hilo wakaangukia la pili, wakaviita viraka. Hapo nakaribia kukubali. Lakini kiraka kwetu ni cha kuziba, kinafuata tundu, na hapa hakuna kilichochanika. Kiarabu kina ruqa, neno la kiraka ambalo pia ni la kipande cha karatasi, kijibarua, na ndilo lililoipa jina khati ya ruqa, mmoja wa miandiko ya Kiarabu. Nalipenda neno hilo kwa sababu kazi hii ni vyote viwili, kitambaa na karatasi. Uingereza limehifadhiwa tandiko la hariri la mwaka 1718 lililoungwa kwa mbinu hii ya karatasi, na karatasi zake bado zimo ndani. Washonaji wengi wa zamani walikata barua kuukuu na magazeti, kwa hiyo tandiko ambalo halikumalizika huweza kusomwa upande wa nyuma, na tarehe ikipatikana humo huwasaidia watafiti kujua umri wake. Pembesita zenyewe zilielezwa kwenye jarida la Marekani, Godey's Lady's Book, mwaka 1835, na wakati huo tayari ziliitwa pia sega la nyuki. Hakuna aliyeziita tarizi.

Mchanganyiko, kwa maoni yangu, unaletwa na fremu. Zile pete mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, na skrubu ya kukazia, ni chombo cha kutarizia: huvuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma wakati sindano inafanya kazi. Anayeunga pembesita haihitaji. Kazi yake yote inakaa kiganjani. Fremu inakuja mwisho, kuonyeshea tu, kama vile picha inavyotiwa kwenye fremu bila kuwa imechorwa ndani yake.

Tazama kipande kimoja kwa karibu. Karatasi ina sentimita moja kila upande. Kitambaa kimekatwa kikubwa zaidi kidogo, kikakunjwa upande baada ya upande na kupigwa bandi kwenye kila kona ili mkunjo usilegee. Vipande viwili huwekwa uso kwa uso, sindano ikadokoa nyuzi mbili tatu tu za kila mkunjo bila kugusa karatasi. Ukifungua, vinalala kama kurasa za kitabu. Ua moja lina vipande saba na kingo 12 za kuunga. Mishono saba kila ukingo, hiyo ni 84, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kuonekana. Karatasi ya katikati hutoka kwanza, kwa kuwa kipande chake kimeshashikwa pande zote.

Kwa hiyo ukiletewa zawadi ya namna hii, mwambie mshonaji ameunga vizuri. Na kama pembeni ya ua ameongeza kikonyo na majani mawili kwa uzi wa kijani juu ya kitambaa cha chini, hapo sema ameunga, kisha ametarizi.