Kuipa injini pumzi: maana yake nini hasa?

Lita moja ya petroli ikiungua vizuri ndani ya injini hula zaidi ya lita 9,000 za hewa. Hesabu yake haina siri: gramu 1 ya petroli hutaka gramu 14.7 za hewa, na hewa ni kitu chepesi kinachojaza nafasi kubwa. Ukiweka lita 30 sheli asubuhi, kabla hazijaisha gari litakuwa limevuta hewa yote ya ukumbi wenye mita 10 kwa 9 na dari ya mita 3.

Kwa hiyo mtu anayesema gari "lipumue" hajakosea neno. Tatizo ni tafsiri ya kijiweni: ng'oa shoo (grili, kwa wasiolizoea neno la maduka ya vipuri) ya kiwandani uweke wavu mweusi, toboa bampa, tupa boksi la ea klina (kichujio cha hewa) na mahali pake funga kichujio kilicho wazi chenye umbo la koni nyekundu. Tundu likiwa kubwa, basi pumzi ni kubwa. Hewa haina tabia hiyo. Hewa huenda kule presha, au kanieneo kama tulivyofundishwa shuleni, iliko ndogo, na hupita penye njia rahisi zaidi hata kama njia hiyo haikufaidii chochote.

Kuipa injini pumzi, kwa maana inayofaa, ni kuhakikisha hewa inafika inapotakiwa ikiwa ya kutosha, ikiwa na ubaridi na ikiwa safi, na ile iliyokwisha kufanya kazi yake ina pa kutokea. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kila siku.

Kwanza tutenganishe hewa mbili zinazopitia usoni mwa gari, maana wengi huzichanganya. Ipo hewa ya kupooza. Hii hupita kwenye shoo, ikavuka kondensa ya AC na rejeta, ikabeba joto na kuondoka. Haiingii ndani ya injini hata tone. Halafu ipo hewa ya kuungua, inayoingia kwa mdomo mmoja wa plastiki, mara nyingi umejificha nyuma ya taa au juu ya rejeta, ikapita kwenye ea klina, kisha throto, ule mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, kisha silinda. Ukipanua shoo umegusa ile ya kwanza. Nguvu za gari zimo katika ya pili. Anayebadilisha shoo ili gari "lichomoke" ni kama anayepanua dirisha la sebule ili jiko liwake vizuri.

Tuanze na hiyo ya kupooza, kwa kuwa ndiyo inayoua injini. Takriban theluthi ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya rejeta kama joto tupu, na joto hilo lazima litoke. Gari likiwa kasi, upepo wa mwendo unatosha. Gari likiwa foleni, au lori likiwa limejaza shehena na linapanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, hakuna upepo wa mwendo wa kuzungumzia. Hapo kazi yote ni ya feni. Shoo iwe ya chrome, ya wavu au isiwepo kabisa, feni ikiwa imechoka gari litachemsha. Nimeona mtu akikata bampa kwa grainda kwa sababu gari linachemsha foleni, kumbe fyuzi ya feni imeungua.

Sasa huo wavu wenyewe. Chukua wavu wa waya wa milimita 1, ambao kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya wa pili ni milimita 5. Kila jicho lina uwazi wa milimita 4 kwa 4, yaani 16, ndani ya mraba wa 25. Uwazi ni asilimia 64. Zaidi ya theluthi ya uso umezibwa na waya. Upulizie rangi nyeusi mara mbili, macho yanazidi kusinyaa. Mtu ameng'oa vipande vitatu vya plastiki vilivyolala ameweka maelfu ya nyaya, kisha anasema amefungua njia. Wavu una faida yake: unazuia mawe na mende wa barabarani wasijae kwenye mapezi ya rejeta. Ukiutaka kwa kazi hiyo, chagua wenye macho mapana. Ukiutaka kwa sura, sema ni sura, hakuna atakayekucheka.

Jambo lenye faida kubwa kuliko wavu wowote liko nyuma ya shoo, na halionekani. Gari jipya lina vipande vya sponji na vikingio vya plastiki pembeni, juu na chini ya rejeta. Vinaonekana takataka. Kazi yake ni kuilazimisha hewa iliyoingia ivuke mapezi, kwa sababu ikipata upenyo pembeni itapita huko na rejeta itabaki inatazama. Tena gari likiwa limesimama, hewa ya moto iliyotoka nyuma ya rejeta hurudi mbele kupitia mapengo hayohayo na kuvutwa upya na feni, kwa hiyo rejeta inapoozwa kwa joto lake yenyewe. Gari lililogongwa mbele mara moja na kurudishwa kwa mafundi wa bodi, mara nyingi halina vikingio hivyo tena. Vilibaki sakafuni gereji. Kuvirudisha, hata kwa sponji ya godoro ngumu iliyokatwa vizuri na kubanwa, ni marekebisho ya hewa ya kweli, ingawa hakuna atakayekupigia picha.

Na kutoka. Hewa huingia mbele kwa sababu mbele presha ni kubwa na ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, ni ndogo. Ukiondoa tofauti hiyo, hata shoo ya ukubwa wa mlango haikusaidii. Ile kinga ya plastiki chini ya injini, ambayo mafundi huitupa wakichoka kuifungua kila wanapomwaga oili, kwenye magari mengi ni sehemu ya mpango huo: inazuia upepo wa chini usipande kujaza nafasi ambayo hewa ya rejeta ilitakiwa iipitie. Kisha kuna mtindo wa kuinua boneti upande wa nyuma kwa kuweka washa (pete za chuma za kuinulia) chini ya bawaba, "joto litoke". Gari likiwa limesimama, joto litatoka kweli, maana hewa ya moto hupanda. Gari likikimbia, mambo hugeuka. Pale kioo cha mbele kinapoanzia upepo hugota, na presha yake hupanda. Wamarekani waliijua siri hiyo zamani wakageuza mdomo wa hewa wa baadhi ya Chevrolet Camaro utazame nyuma, kwenye kioo, ili uvute hewa hapo. Wewe ukiinua boneti kwa washa, ukishika kasi barabara kuu unaweza kuwa unaingiza hewa pale ulipodhani unaitoa.

Turudi kwenye hewa ya kuungua, ambako pesa nyingi hupotelea. Toyota IST yenye injini ya cc 1497, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta mpaka chini, huvuta karibu lita 75 za hewa kila sekunde. Ni nyingi, na mdomo wa kiwandani umepimwa kwa kiasi hicho. Basi kuna wanaoamini kwamba ukiutoa mdomo mbele, ukaupokeza upepo, mwendo utaisukumia injini hewa kama tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa egzosti. Tupige hesabu. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo ukigota kabisa unaongeza presha ya paskali 460 hivi. Presha ya angani usawa wa bahari ni paskali 101,325. Umeongeza chini ya nusu ya asilimia. Ukienda 200, ambako mimi sitakuwepo, inakuwa karibu asilimia 2. Tabo halisi huongeza nusu ya presha ya angani, au zaidi. Na gari likitoka Mombasa kwenda Nairobi, mita 1,700 juu, kwa joto lilelile hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia 18 hivi. Mwinuko umekunyang'anya mara arobaini ya kile ulichopewa na mdomo wa mbele.

Joto ndilo lenye uzito. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka kwenye hewa inayoingia, hewa hiyo hupungua uzito kwa takriban asilimia 3, na pumzi hupungua hivyohivyo. Hapa ndipo koni nyekundu inapojikwaa. Boksi la kiwandani, pamoja na ubaya wake wa sura, limefungwa: linavuta hewa ya nje. Koni iliyoachwa wazi inavuta hewa ya ndani ya boneti, iliyokwisha kupikwa na rejeta na egzosti. Niliwahi kuifunga, nikasoma joto la hewa kwenye simu kwa kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Nje nyuzi 34, ndani ya foleni koni inavuta 61. Hiyo ni karibu asilimia 8 ya pumzi imepotea, na injini ilikuwa inanguruma tamu kuliko wakati mwingine wowote. Mngurumo ndio uliokuwa umenidanganya wiki tatu nzima. Boksi la kiwandani lina vyumba vya kunyamazisha sauti ya kuvuta hewa; ukiliondoa unasikia kila kitu, na sikio hutafsiri kelele kuwa nguvu. Koni zile za pamba ya kupaka oili zina kasoro nyingine: oili ikizidi huenda kuganda kwenye sensa ya hewa, taa ya injini inawaka, mafuta yanaanza kupimwa vibaya.

Koni inaweza kufanya kazi ikiwa imefungiwa ndani ya boksi na bomba la kuleta hewa ya nje. Yaani umerudi palepale ulipoanzia, kwa gharama.

Wengine huishusha koni chini, nyuma ya bampa, karibu na tairi, ambako hewa ni baridi. Nguvu kidogo utaipata. Lakini fikiria Jangwani, Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukifurika na watu wamepanga foleni kujaribu kuvuka. Maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta maji badala ya hewa haina pa kwenda, na kinachokubali kupinda ni konrodi, mkono unaoishika pistoni. Dakika moja, injini nzima.

Kinyume chake ni snokeli, lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo cha Land Cruiser. Watu husema ni la kuvukia mito, na ni kweli ikiwa viungo vyote kutoka juu hadi throto vimezibwa kabisa, pamoja na kile kitundu cha chini ya boksi la ea klina kinachomwaga maji ya mvua. Nyingi zinazofungwa mjini hazikuzibwa. Ni pambo lenye skrubu. Kwa barabara zetu, thamani yake kubwa ni vumbi. Ukilifuata gari lingine kwenye changarawe, vumbi zito liko chini, na kule juu ya paa hewa ina afadhali. Ea klina inakaa muda mrefu zaidi, na injini pia.

Na lile tundu la juu ya boneti ya Subaru? Kwenye WRX na Forester za tabo, hewa ya tundu lile haiendi kwenye silinda. Inaangukia intakula, iliyolala juu ya injini, kuipooza hewa iliyotoka kwenye tabo ikiwa ya moto. Ukiona Subaru isiyo na tabo imefungwa tundu hilo, linapooza kifuniko cha plastiki.

Kama unataka kujua gari lako limebanwa wapi, huhitaji mashine. Wanaojenga nyumba wana ule mpira mwembamba unaoona ndani wa kupimia usawa kwa maji. Chukua wa mita tatu, ukunje kama herufi U, uweke maji kidogo, ufunge kwenye kipande cha mbao ndani ya gari. Ncha moja iache wazi, nyingine iunge kwenye bomba la hewa katikati ya ea klina na throto. Mpira uwe mrefu na maji yawe machache, yasije yakavutwa ndani. Mwingine aendeshe, wewe usome. Injini ikivuta kwa nguvu zote, maji yanapanda upande mmoja, na tofauti ya vimo viwili ndiyo inayokuambia injini inahangaika kiasi gani. Zile paskali 460 za upepo wa kilomita 100 ni sawa na sentimita 4.7 za maji.

Kwenye gari langu, na boksi la kiwandani limerudi mahali pake, tulisoma sentimita 21. Tukabadilisha ea klina iliyokuwa na vumbi la safari mbili za Dodoma tukaweka mpya ya kawaida. Zikawa 12.