Dirt Track Racing: gemu ya udongo iliyoeleweka vibaya

Kila ninapoitaja Dirt Track Racing mbele ya mtu anayependa gemu za magari, jibu huwa lile lile: "Si ile ya kuzunguka duara, kukata kushoto tu?" Ndiyo hiyo. Ilitoka mwaka 1999 kwa kompyuta za Windows, ikatengenezwa na kampuni ya Ratbag na kuuzwa na WizardWorks. Kwangu mimi ni kati ya gemu bora za mbio nilizowahi kucheza, na inaniuma kuona inahukumiwa kwa mambo yasiyo ya kweli.

Tuanze na hilo la kukata kushoto. Ni kweli njia nyingi ni za mviringo na magari huzunguka kinyume cha saa. Lakini icheze dakika kumi tu, uangalie vidole vyako. Ukiwa ndani ya kona, kidole kinachofanya kazi zaidi ni cha mshale wa kulia. Unafika kona kwa kasi, unaachia mafuta, unagusa kushoto kidogo. Uzito wa gari unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na mkia unaanza kutoka nje. Hapo hapo unageuza usukani kulia, kinyume na kona yenyewe, kisha unakanyaga mafuta tena polepole. Pua ya gari inatazama katikati ya uwanja, matairi ya mbele yanatazama ukuta wa nje, na gari zima linakwenda ubavu likiifuata kona. Ukizidisha mafuta, linazunguka kama pia. Ukiyaachia ghafla, matairi yanashika udongo na kukupeleka moja kwa moja yanakotazama, yaani ukutani. Kwa maneno mengine, kona unaikata kwa mguu kuliko kwa mikono. Mimi nilijifunzia kwenye kibodi, kwa kugusagusa vitufe badala ya kuvikandamiza, na siku nilipomaliza mizunguko mitatu mfululizo bila kugonga nilihisi nimeshinda kombe.

Kinachofuata baada ya hapo ni lawama: "Gari linateleza mno, watengenezaji walikosea." Nimeisikia kwa watu wengi walioiacha gemu siku ya kwanza, na naielewa, maana gemu nyingi za magari zimetuzoesha kwamba kuserereka ni adhabu ya dereva mbaya. Lakini watu wa Ratbag walikuwa wametoka kutengeneza Powerslide mwaka 1998, gemu ambayo jina lake lenyewe linataja kuserereka kwa makusudi. Huko ndiko walikobobea.

Na ukiangalia mbio zenyewe za udongo, utaona gemu haikutia chumvi. Njia hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi unaomwagiwa maji kabla ya mbio. Mwanzoni una unyevu na matairi yanauma. Kadiri magari yanavyopita, mstari wanaoupenda madereva hukauka, hukazwa na kung'aa kama sakafu iliyosuguliwa, huku udongo uliolegea ukirushwa nje na kujenga tuta karibu na ukuta. Dereva hodari huegemeza tairi la nyuma la kulia kwenye tuta hilo, lishike pale ambapo katikati hapashiki tena. Magari ya huko hata matairi hayalingani: la nyuma kulia huwa na mzingo mkubwa kuliko la kushoto. Chukua kikombe cha plastiki chenye kitako chembamba, kilaze sakafuni, kisukume. Hakiendi sawa, kinazunguka kuelekea upande mwembamba. Gari la namna hiyo linataka kwenda kushoto kabla dereva hajagusa usukani, na kazi yake kubwa inabaki kulizuia lisipitilize.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mkanganyiko mwingine. Mtu akisikia mbio za magari kwenye udongo, akili inakimbilia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha. Anaifungua gemu hii akitarajia vumbi la barabara ndefu, na msoma ramani pembeni akimtajia kona. Havimo. Katika rali, gari lako linapambana na saa, na mpinzani humwoni. Kwenye udongo wa mviringo mnaondoka kundi zima, mlango kwa mlango, na mbio zinaamuliwa na nani anathubutu kupita nje wakati wote wamejibana ndani. Anayeipima kwa kipimo cha rali atakosa raha yake yote.

Wengine husema: "Ni gemu ya Wamarekani." Mchezo umekolea Marekani kweli, na viwanja kama Eldora wa Ohio na Knoxville wa Iowa mashabiki huviendea kama mahujaji. Ila Ratbag ilikuwa Adelaide, Australia Kusini. Mji huo nao una historia yake ya mbio za udongo: uwanja wa Rowley Park uliendesha mbio tangu 1949 hadi 1979.

Kisha bei. Iliuzwa kama dola 20, chini sana ya gemu mpya za wakati huo, na wengi wakaamini cha bei rahisi hakina maana. Wahakiki waliipokea vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa gemu ya rafu ya chini, na ndani yake kuna mengi: unaanza na fedha kidogo katika daraja la Street Stock, unatafuta wadhamini, unapanda Pro Stock, hadi unafika Late Model, daraja la juu. Mwaka 2000 ikafuata ya Sprint Cars, magari yenye bawa kubwa juu. Wapo wanaodhani bawa hilo ni urembo. Kazi yake ni kulikandamiza gari chini, na kazi hiyo inahitajika: magari halisi ya aina hiyo yana nguvu farasi karibu 900 kwa uzito wa zaidi kidogo ya kilo 600, hayana klachi wala giaboksi ya kawaida, na huwashwa kwa kusukumwa na gari lingine.

La mwisho ni dai kwamba Ratbag ilikufa kwa sababu gemu hizi hazikupendwa. Hapana. Mwaka 2002 ilitoka Dirt Track Racing 2, na mwaka huo huo World of Outlaws: Sprint Cars kwa PlayStation 2. Kampuni iliendelea hadi Agosti 2005 iliponunuliwa na Midway ya Marekani, nayo Midway ikaifunga Desemba ya mwaka huo huo, miezi minne tu baadaye. Baadhi ya wafanyakazi walihamia tawi ambalo kampuni ya Krome ililifungua hapo hapo Adelaide.

Ukibahatika kuipata, anza na Street Stock wala usiwe na haraka ya kupanda daraja. Zima fikra za kushinda kwa mbio tano za kwanza. Ingia kila kona polepole kuliko unavyotaka, ngoja mkia utoke, kisha ndipo ukanyage.